Mchango utoke Mwembesongo, pilau iliwe Nungwi?

Lipo swali ambalo limekuwa likiulizwa pembeni pembeni hapa Morogoro, barazani baada ya swala ya isha na kwenye vijiwe vya kahawa, lakini watu wanasita kuliuliza hadharani kwa sababu linawagusa vijana wetu wenyewe. Swali ni hili: mtu akiamua kuipeleka harusi yake mbali, mahali ambapo jirani zake hawana uwezo wa kufika, je, anayo haki ya kuwachangisha jirani hao?

Naliweka swali hili mbele mapema ili msomaji asije akadhani nataka kuwaharamishia watu ufukwe. Kuoa ufukweni si haramu. Akiwepo walii, wakawepo mashahidi wawili waadilifu, ikapatikana ijabu na kabuli na mahari yakatajwa, ndoa imefungwa, iwe chini ya minazi ya Nungwi au sebuleni Mji Mpya. Wala sitaki leo kuingia katika suala la mavazi, muziki na mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Hayo yamesemwa sana, na ukweli ni kwamba yanatokea hata katika kumbi za hapa hapa Kihonda. Ninachozungumzia ni haki za watu, jambo ambalo sisi Waislamu huwa tunalisahau kirahisi zaidi tukishahakikisha kwamba nguo ni ndefu na kinywaji ni soda.

Kwanza tuangalie jambo hili limefikaje kwetu. Wageni wa Ulaya wamekuwa wakija kufunga ndoa kwenye fukwe za Zanzibar kwa miaka mingi, na ukiongea nao wengi watakuambia jambo la kushangaza: wanakuja huku ili kupunguza. Harusi ya kwao ina gharama kubwa na orodha ndefu ya watu wanaoalikwa kwa kuoneana haya tu. Wakisafiri mbali wanabaki na watu ishirini wanaowapenda kweli, kila mgeni anajilipia nauli na chumba, na maharusi wanalipa chakula cha usiku mmoja. Wale ambao hawakuja hawadaiwi kitu. Hesabu yao imefungwa vizuri.

Sisi tumeuchukua ufukwe tukaiacha hesabu. Tumeunganisha safari ya wachache na kamati ya harusi ya wengi. Yaani orodha ya wachangiaji imebaki ile ile ya zamani, yenye jirani, muuza duka, mwalimu wa madrasa, wafanyakazi wenzake baba na kina mama wa chama cha kufa na kuzikana. Orodha ya waliwaji ndiyo imepunguzwa ikabaki ya marafiki wenye uwezo wa kusafiri. Mzungu akienda mbali anapunguza gharama zake mwenyewe. Sisi tukienda mbali tunaongeza gharama, kisha nyongeza hiyo tunaipeleka mtaani.

Mwezi Agosti mwaka 2024, treni ya umeme ikiwa bado jambo jipya hapa kwetu, nilikuwa miongoni mwa watu kumi na wanne waliotoka Morogoro kwenda kwenye harusi ya namna hii. Bwana harusi ni kijana wa mtaani kwetu Mwembesongo, sasa anafanya kazi Dar es Salaam, kijana mwenye heshima na mwenye kuswali. Bibi harusi anatoka familia ya Kiluguru, na kwao kwa asili ni Kinole, upande wa mashariki wa milima. Tulipanda treni, nauli ya daraja la kawaida elfu kumi na tatu mpaka Dar es Salaam, tukalala, asubuhi tukapanda boti, kisha gari mpaka Nungwi, kaskazini kabisa mwa Unguja. Tulikaa siku nne. Niseme kweli, ilikuwa furaha. Bahari ya Nungwi haikimbii mbali maji yakitoka kama ilivyo kule Paje na Jambiani, ambako mchana unakuta kinamama wanalima mwani mahali palipokuwa na kina cha maji asubuhi. Nungwi unaoga wakati wowote. Sisi tuliokulia chini ya Uluguru, ambao maji tunayoyajua ni ya mtoni, tulishinda baharini kama watoto waliotoroka chuoni. (Na hapa nikakumbuka wageni ninaowaona Morogoro wakipanda mlima kwenda Morningside, wamebeba mabegi na fimbo, kuyatazama mandhari ambayo sisi hatujawahi kupanda kuyaona. Kila mtu anakwenda kwa mwenzake.)

Nikah yenyewe ilifungwa baada ya swala ya alasiri, vizuri, kwa khutba fupi. Baba wa binti alikuwepo akamuozesha mwenyewe. Usiku ikawa karamu.

Lakini hebu tutazame nani hakuwepo. Mjomba wa binti hakuwepo. Kwa sheria yetu ya Kiislamu mjomba si walii, hilo linafahamika. Ila anayewajua Waluguru anafahamu kwamba kwao ukoo ni wa mama, ardhi inapita kwa mama, na kaka wa mama ndiye mtu ambaye neno lake linatafutwa kwenye jambo lolote kubwa la mtoto. Waluguru Waislamu wamekaa na mambo haya mawili kwa vizazi, walii anaozesha na mjomba anakaa mbele, na hakuna aliyeona mgongano. Mzee huyu ni mkulima wa ndizi na karafuu. Alichangia. Alitoa kwanza fedha, kisha akateremsha mikungu ya ndizi mpaka mjini, akiamini shughuli itakuwa hapa. Alipoambiwa ni Nungwi, akaelezwa kwamba nafasi yake ipo ila ajitegemee nauli na malazi. Alijibu kwamba mvua zimeharibu njia ya kwake na hatoweza. Kila mtu alielewa kuwa si mvua, maana ilikuwa Agosti.

Hakuwepo pia mama mmoja jirani, muuza maandazi, ambaye bwana harusi alipokuwa mdogo na mama yake yuko hospitali alikula kwake kwa karibu mwezi mzima. Mama huyu aliahidi elfu hamsini. Nafahamu kwa sababu nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati, ambapo majina na ahadi yalibandikwa kila Ijumaa, waliomaliza na wasiomaliza. Alilipa kwa mafungu matatu. Fungu la mwisho liliingia wiki moja kabla ya sisi kupanda treni, naye hana hata kadi, kwa sababu kadi hazikuchapishwa; ya nini kuchapisha kadi za mahali ambapo watu hawaendi?

Niliporudi nilimpitia kumsalimia. Hakulalamika hata kidogo. Alisema alitoa kwa ajili ya mama wa kijana, Mwenyezi Mungu amlipe. Kisha akaniuliza, "Mlikula nini huko, baba?" Nikamwambia. Akataka kujua pilau yao ilikuwaje, kama ilitiwa viungo vya kutosha au ni ile ya hotelini.

Wapo watakaosema: kama mwenyewe hakulalamika, wewe unalia nini? Hoja hii ina uzito, na nilimsikia rafiki yangu mmoja akiitoa tukiwa bado Nungwi, tumekaa mchangani usiku. Alisema, "Shehe, wewe unataka kutuharibia tu. Mchango ni sadaka. Mtu akishatoa ametoa, hana la kudai. Halafu kumbuka Abdurrahman bin Awf." Akanikumbusha kisa kinachojulikana: Swahaba huyo (r.a.) aliyehamia Madina alioa mwanamke wa Kiansari, na Mtume (s.a.w.) hakujua mpaka alipomuona ana alama ya manukato ya rangi ya njano, akamuuliza kulikoni. Yaani mtu bora kuliko watu wote hakualikwa, na hakukasirika. Alimuombea baraka na kumuagiza afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Basi kama Mtume (s.a.w.) hakudai kualikwa, nani katika sisi anadai?

Ni hoja nzuri, na inafunga mdomo wa wale wanaonuna kwa sababu hawakupata kadi. Hakuna mtu mwenye haki ya asili ya kualikwa katika kila harusi ya mjini. Lakini tazama kisa chenyewe. Abdurrahman bin Awf hakumchangisha mtu. Alifika Madina mikono mitupu, ndugu yake wa Kiansari akajitolea kumgawia nusu ya mali, akakataa, akaomba aonyeshwe soko. Alifanya biashara ya siagi na jibini, akapata, akatoa mahari mwenyewe. Aliyejitegemea namna hiyo anaweza kualika anayetaka. Laiti vijana wetu wangekuwa wanaoa Nungwi kwa siagi yao wenyewe, makala hii isingekuwepo.

Nami nilimkumbusha kisa kingine, ambacho nadhani ndicho hasa kinachofanana na safari yetu. Mwaka wa 7 Hijria, Mtume (s.a.w.) akitoka Khaybar kurudi Madina, alimuoa Bibi Safiyya (r.a.) njiani. Hiyo ni harusi ya safarini, mbali na nyumbani, pamoja na wenzake wa msafara. Na ilikuwa na mchango pia! Hapakuwa na mkate wala nyama. Ilitandikwa ngozi chini, watu wakaambiwa kila mwenye kitu akilete, huyu akaleta tende, yule samli, mwingine jibini kavu, vikachanganywa, na hicho ndicho kilikuwa chakula cha walima. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba harusi ya safarini ni uzungu, wala kwamba kuchanga ni bidaa ya Kitanzania. Vyote viwili vipo. Ila waliochanga walikuwa wamekaa kuizunguka ngozi ile ile. Aliyeleta tende alikula samli ya mwenzake. Hakuna aliyetoa tende yake Khaybar ikaenda kuliwa Madina na watu wengine.

Kwangu mimi suala lote liko hapo. Mchango na kuhudhuria vilikuwa kitu kimoja, na sisi ndio tumevitenganisha.

Tukisema mchango ni sadaka tunajidanganya. Sadaka haiwekewi kima cha chini. Sadaka hailetewi ukumbusho kila Ijumaa wenye jina lako na neno "bado" mbele yake. Ukimchunguza Mtanzania anayechangia harusi utakuta anafanya kitu kilicho kati ya zawadi na mkopo: nakuchangia wewe leo ili kesho nawe unichangie mwanangu, na wengi tunayo madaftari nyumbani. Jambo hili si geni kwa wanavyuoni. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu huku, walijadili zamani fedha wanazopeana watu katika furaha za harusi na tohara, kama ni hiba isiyorudi au ni deni la kulipwa, na wakatofautiana, wapo waliosema itazamwe ada ya watu wa mahali hapo. Haya, ada ya watu wa Morogoro ni ipi? Ni kwamba anayechanga anapata sahani, kiti na nafasi ya kuonekana kwamba alikuwepo. Mama muuza maandazi alitoa elfu hamsini kwa ada hiyo anayoijua yeye. Kamati ikazipokea kwa ada nyingine ambayo hakuambiwa. Hata katika biashara ya kuuziana nyanya soko kuu la Chifu Kingalu, kubadilisha masharti baada ya kupokea fedha kunaitwa kwa jina lake.

Kisha lipo lile onyo maarufu, ambalo kila mwenye kusoma kidogo analijua, la Mtume (s.a.w.) kukilaumu chakula cha walima kinachoitiwa matajiri na kuachiwa masikini nje. Tumezoea kulisikia likisomwa kama nasaha tu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake cha Minhaj ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha kwa karne nyingi, alilifanya kuwa sharti la kifiqhi: kuitikia mwaliko wa walima kunakuwa wajibu pale ambapo mwenye shughuli hakuwahusu matajiri peke yao. Maana yake ni kwamba karamu ikichagua watu kwa mifuko yao, ule wajibu wa kuhudhuria unaanguka. Na hakuna njia ya kuchagua watu kwa mifuko iliyo ya hakika kuliko kuweka bahari katikati. Hutahitaji kumzuia masikini mlangoni. Nauli itamzuia, na wewe utabaki mwema, utasema "tuliwaalika wote, ni wao hawakuweza."

Lazima niwe muadilifu hapa. Ufukwe haukuanzisha jambo hili. Ukumbi ndio ulioanzisha. Tangu tulipohama uani na barabarani tukaingia kwenye kumbi, kadi ya mtu mmoja na kadi ya watu wawili zimekuwa zikipanga watu kwa kiwango cha mchango, na wapo kinamama waliopika mchele wa siku tatu za shughuli nyumbani ambao usiku wa ukumbini walibaki kulinda masufuria. Anayeilaumu harusi ya Nungwi huku anatetea ukumbi wa Morogoro wenye mlinzi na orodha, huyo anachagua dhambi ya kuchukia kwa umbali wa kilomita. Tofauti ni kwamba ukumbini bado inawezekana kuiba haki. Mtoto atapenya, shangazi atamvuta mwenzake kwa mlango wa jikoni, sahani zitatoka nje zimefunikwa kwa kanga. Nungwi hakuna mlango wa jikoni wa kumpenyeza mtu wa Mwembesongo.

Tena hata Nungwi kwenyewe kuna watu. Hili halikunijia mpaka siku ya Ijumaa, tulipotoka hotelini kwenda kuswali msikiti wa kijijini. Nungwi ni mji wa wavuvi na mafundi wa majahazi. Ukitembea pwani unawakuta wanapigilia mbao kwa mikono kama walivyofundishwa na baba zao. Baada ya swala mzee mmoja alitusalimia akatuuliza tumekuja kwa shughuli gani. Tukamwambia harusi. Akafurahi, akatuombea dua, kisha kwa uungwana wote akauliza, "Walima lini, na wapi?" Hatukuwa na jibu. Pale hotelini mtu haingii bila kipande cha plastiki kilichofungwa mkononi. Basi walima huo ulikuwa umewakosa majirani wa Mwembesongo na ukawakosa majirani wa Nungwi pia. Ulifanyika mahali pasipo na jirani kabisa, na chakula kilichobaki usiku ule, na kilikuwa kingi, sijui kilikwenda wapi.

Ndoa inatakiwa itangazwe. Wanavyuoni wanalisisitiza hilo kwa sababu kutangaza ndiko kunakoitofautisha nikah na mambo ya kificho. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayotumika Tanzania Bara inataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Sasa, kutangaza ni nini? Picha mia mbili kwenye simu zimewafikia watu wengi kuliko dufu lilivyowahi kuwafikia. Kwa upande huo harusi ile ilitangazwa sana. Lakini nadhani dufu lilikuwa na kazi nyingine ambayo picha haiifanyi: lilimwita anayelisikia aje. Na huyo aliyekuja ndiye baadaye, mume akigombana na mke saa sita za usiku, anayeweza kugonga mlango akaingia kati, kwa kuwa alikula pale. Marafiki kumi na wanne wa safari watakuwa Dar es Salaam, Mwanza na Dubai. Atakayesikia kelele ni muuza maandazi.

Rafiki yangu aliniuliza usiku ule, "Sasa unataka vijana wafanyeje, wasiende baharini?" Waende. Ningependa waende tena, nami waniite. Kwa mfano wale waliotaka safari wangechangishana wenyewe kwa wenyewe, wanaojuana kwa mifuko yao, na fedha ya mtaa ikabaki mtaani, ikapikiwa sufuria mbili za pilau Mwembesongo, ndizi za mjomba zikamenywa pale pale naye amekaa mbele. Nikah ingefungwa msikitini kwetu asubuhi, wakapanda treni ya mchana kwenda kwenye bahari yao. Familia hii ilijaribu kitu cha namna hiyo baadaye, wiki tatu tukisharudi, walipoandaa chakula cha Jumapili nyumbani kwa baba wa kijana. Nilikwenda. Watu walikula, walishukuru, lakini kila mtu alijua anakula cha pili. Maharusi hawakuwepo; likizo ilikuwa imekwisha. Mjomba alituma salamu.

Wiki iliyopita nimeingizwa kwenye kundi jingine. Harusi ni ya Desemba, safari hii Paje, na kima cha chini cha mchango kimewekwa laki moja. Majina yaliyomo ni mia na themanini; nafasi za hoteli ni arobaini. Niliandika pale kwa adabu nikiuliza mambo mawili: wale mia na arobaini watakula wapi na lini, na je, wameambiwa kabla ya kuahidi? Mweka hazina alinijibu faraghani kwamba swali langu ni zuri ila linaweza kupunguza ahadi. Mwenyekiti amesema litajadiliwa kwenye kikao cha Jumapili baada ya alasiri.